Mnunuzi Asiye na Gari

Gerezani, Dar es Salaam

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku mtaani kwetu Gerezani. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na wote wa nyumbani, na kwamba mvua za Mwanza hazijakuharibia mzigo ulioupanga uani. Sisi hatujambo. Nimeusikiliza mara mbili ujumbe wako wa sauti, ule wa kunieleza kwamba tangu uanze kutangaza spea zako Facebook na Instagram simu haipumziki, na kwamba yuko mtu anayetaka injini nne za Toyota IST kwa mpigo, amekubali bei bila kuomba apunguziwe hata shilingi elfu moja, na sasa anasubiri umtajie namba ya kukutumia pesa. Furaha yako niliisikia vizuri sana. Ndiyo sababu nimeona nikuandikie badala ya kukupigia, kwa maana kwenye simu tungeishia kukumbushana mambo ya shule, na haya ninayotaka uyajue ningeyasahau nusu.

Kilichonishtua ni hiyo bei iliyokubaliwa papo kwa papo. Katika miaka yote niliyokaa kwenye biashara hii sijakutana na mnunuzi wa kweli wa injini ambaye hakulalamikia bei, kwa sababu anayenunua injini iliyotumika ni mtu ambaye gari lake limekwisha kumtia hasara: limechemsha njiani, limeunguza hedi gasketi, limelala gereji wiki mbili na fundi bado anadai pesa ya kulifungua. Mtu wa namna hiyo huhesabu kila elfu kumi. Mwizi hana haja ya punguzo, kwa kuwa pesa anayoitaja hana nia ya kuitoa.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mtu nisiyemjua siku hizi halihusu pesa hata kidogo. Namwuliza gari lake ni lipi na lina tatizo gani. Mwenye gari bovu ukimwuliza hivyo maneno humtoka yenyewe. Atakuambia lilianza kutoa moshi kwenye milima, fundi akasema ringi za pistoni zimekwisha, na muda si mrefu atakutumia picha ya kadi ya gari au ya kibati cha chasisi. Chukua hizo IST zako. Zenye chasisi ya NCP60 hubeba injini ya 2NZ ya lita 1.3, za NCP61 hubeba 1NZ ya lita 1.5, na za NCP65 hubeba hiyo hiyo 1NZ lakini gari linavuta kwa magurudumu yote manne, hivyo gia boksi yake haiingiliani na ya wenzake. Mnunuzi wa kweli, hata kama tofauti hizo hazijui, atasema asubiriwe amwulize fundi, na baada ya dakika kumi fundi mwenyewe atapiga simu akitaka kujua kama injini inakuja na alternata, kama soketi za nyaya ni nzima au zimekatwa, na kama sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, haikubonyea wakati wa kupakuliwa kwenye kontena. Tapeli atakujibu, "Yoyote tu bosi, nitumie namba." Hakuna gari linalofungwa injini yoyote tu, nawe unalijua hilo kuliko mimi.

Usiogope kwamba utawaudhi wateja wema kwa maswali. Dereva aliyekwama Kigoma na Noah yake, ambaye hawezi kusafiri hadi kwako kuikagua spea kwa macho, anafarijika sana akisikia muuzaji anaulizia namba ya chasisi, kwa sababu naye ameshasikia habari za wauzaji wanaotoweka na pesa za watu. Wezi wanatudhulumu pande zote mbili, na sipendi kabisa tabia iliyoingia kwa baadhi ya wenzetu hapa ya kumjibu kila mteja wa mikoani kwa ukali kana kwamba ameshakamatwa na ngozi. Mwulize kwa heshima, msikilize, kisha uamue.

Mimi haya nilijifunza kwa kulipa. Ilikuwa Jumamosi, saa kumi na moja na nusu jioni, wakati tunaanza kuingiza mzigo ndani na kushusha mageti. Mtu aliyejitambulisha kuwa wa Chalinze alikuwa amenipigia mara tatu siku hiyo kuhusu gia boksi ya IST ya shilingi 650,000, na kila mara alisisitiza kwamba fundi anamsubiri na jua linazama. Bodaboda wake alikuwa tayari mlangoni, pikipiki inanguruma, kamba za mpira ziko mkononi. Simu yangu ikalia, ujumbe ukaingia: umepokea shilingi 650,000 kutoka kwa fulani, kumbukumbu namba hii, salio lako jipya ni hili. Nilisoma kiasi na jina, nikaishia hapo. Vijana wakasaidia kuifunga gia boksi kwenye kiti cha nyuma, pikipiki ikaondoka. Nilipokwenda kwa wakala kutoa pesa ya kuwalipa vijana hao hao, salio lilikuwa shilingi 12,400.

Usiku ule niliukalia ujumbe huo hadi saa saba. Ulikuwa umetoka kwenye namba ya kawaida ya tarakimu kumi, wakati jumbe za malipo za kweli huingia kwa jina la huduma. Ulikuwa umejitenga peke yake, ilhali jumbe zangu zote za malipo zimefuatana mahali pamoja tangu nilipoinunua simu ile. Na salio jipya lililoandikwa lilikuwa 650,000 kamili, kana kwamba kabla ya hapo sikuwa na shilingi moja, kumbe zile 12,400 zangu zilikuwamo tangu asubuhi. Hilo la salio ndilo linaloniuma mpaka leo, kwa sababu jibu lilikuwa mbele ya macho yangu na lilihitaji kujumlisha tu. Bodaboda tulimpata kesho yake kijiweni. Naye alikuwa amekodiwa kwa simu, akaufikisha mzigo Kibaha na kumkabidhi mtu kando ya barabara. Hakuwa na kosa lolote, na nilimwomba radhi kwa namna vijana wangu walivyomvamia.

Tangu siku hiyo sitoi mzigo kwa kusoma ujumbe. Hata ule ulioingia kwa jina zuri siuamini peke yake, maana jina la mtumaji nalo linaweza kughushiwa. Kama pesa imetumwa M-Pesa, bonyeza *150*00# uangalie salio kwenye menyu yenyewe. Kama ni mtandao mwingine, tumia menyu yake. Kama ni benki, ingia kwenye akaunti yako, wala usikubali picha ya risiti ya wakala wala ya hati ya kuweka pesa, kwa sababu picha hurekebishwa kwa dakika mbili kwenye simu ya mkononi. Waambie na vijana wako kwamba hakuna kufungua kamba wala kubeba kitu mpaka wewe mwenyewe utamke kuwa umeliona salio. Na mtu akikuharakisha, mcheleweshe kwa makusudi. Mwenye haraka ya kweli atanung'unika lakini atakaa.

Kuna hila nyingine ambayo ni mbaya zaidi, kwa kuwa pesa inaingia kweli. Jirani yangu wa kibanda cha tatu alipata mnunuzi wa jozi ya taa. Shilingi 180,000 zikaingia, akahakikisha salio, akampa bodaboda mzigo. Siku nne baadaye aliitwa polisi. Aliyetuma ile pesa alikuwa mama mmoja wa Tabora ambaye aliziona picha za taa hizo hizo kwenye ukurasa wa mtu mwingine, akaelekezwa alipe kwenye namba ya jirani yangu, na taa hazikumfikia kamwe. Tapeli alisimama katikati yao wawili: kwa mama alijifanya muuzaji, kwa jirani yangu akajifanya mnunuzi, na taa akazichukua yeye bila kutoa hata nauli. Jirani yangu alimrudishia yule mama pesa yake yote ingawa taa alikuwa hana tena, na mimi namheshimu kwa hilo.

Kinga yake si ngumu. Jina linalotokea kwenye muamala lifanane na jina la mtu uliyezungumza naye, na kama halifanani, piga ile namba iliyotuma pesa, umwulize mwenyewe amenunua nini, kwa nani, na nani anakuja kuchukua. Picha zako nazo ziwekee alama: mimi huandika jina la duka na tarehe kwenye kipande cha boksi, nikakilaza juu ya spea yenyewe kabla ya kupiga picha. Na ukiweza chukua Lipa Namba ya duka, ili anayelipa aone jina la biashara kabla hajathibitisha. Huyo mama angeliona jina lisilolingana na ukurasa aliokuwa akiufuata, huenda angesita.

Wewe utatuma sana mizigo kwa mabasi, basi nikuonye kuhusu risiti ya mzigo. Mteja atakuambia yuko tayari kulipa, lakini kwanza umtumie picha ya risiti ili aamini kwamba mzigo kweli umepakiwa. Ombi linaonekana la haki kabisa. Lakini ile risiti yenye namba ya mzigo na jina la mpokeaji ndiyo inayoutoa mzigo ofisini kule unakokwenda, na mara nyingi karani akioneshwa picha yake kwenye simu hana sababu ya kumkatalia mtu. Mtumie picha ya boksi lililofungwa, mtumie namba ya basi na saa ya kuondoka, hata video ya mzigo ukiingizwa kwenye buti pale Kituo cha Mabasi cha Magufuli au hapo kwenu, lakini namba ya risiti aipate salio likishaonekana.

Kuna na wale wanaolipa vizuri, wakachukua, kisha wakarudi baada ya siku mbili wakisema spea ni mbovu na wanataka pesa yao. Wengine wanasema kweli, kwa sababu spea iliyotumika ina siri zake, na hao warudishie kwa moyo mweupe. Lakini wapo wanaokuletea ile mbovu iliyotoka kwenye gari lao, hasa kontroli boksi (ile kompyuta ya gari), kompresa za AC na alternata, vitu ambavyo kwa nje vinafanana kama mapacha. Mimi hupiga picha namba ya kiwandani mbele ya mteja, halafu nachukua rangi ya kucha nyekundu na kuipaka tone moja juu ya kichwa cha bolti, nusu ikae kwenye bolti na nusu kwenye bodi. Ikifunguliwa, rangi hupasuka. Isipokuwapo kabisa, si spea yangu. Chupa moja inatosha miezi mingi, na mteja mwema akiiona huelewa mara moja.

Mengine nayapita haraka kwa kuwa unayasikia kila siku. Anayedai amezidisha pesa kwa bahati mbaya na anataka umrudishie ziada, mwambie aombe mtandao wake urudishe muamala. Usitume chochote kwa mkono wako, hasa kwenye namba tofauti na ile iliyotuma. Anayekutaka umsomee tarakimu zilizoingia kwenye simu yako ili malipo yake yakamilike, anataka kuingia kwenye akaunti yako. Anayesema yuko Oman au Marekani na atamtuma wakala wa usafirishaji, ila wewe umlipe wakala huyo kwanza, hana wakala wala safari. Namba zao usizifute kwa hasira. Tuma namba ya tapeli kwenda 15040, ambayo imewekwa kwa ajili ya hayo, na ukishapoteza mali nenda polisi ukiwa na mazungumzo yote jinsi yalivyo, kwa sababu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inawahusu watu hawa, na ushahidi wako ni zile jumbe.

Sasa turudi kwa huyo wa injini nne. Nakisia hatua yake inayofuata: atasema ni za magari ya mradi fulani, malipo yanapitia kwa afisa manunuzi, na afisa huyo anahitaji umtumie kidogo ili faili lisogee. Usimtajie namba yoyote kwa sasa. Mpigie kwa sauti, usimwandikie, umwulize magari hayo manne ni NCP ngapi, yako gereji gani, na fundi wake ni nani ili muongee naye. Akikupa jibu lenye mashiko, mwalike aje uani na fundi wake azikague zote nne, na mimi nitafurahi kuwa nimekosea. Nijulishe alivyojibu, hata kama ni usiku.

Zile taa za RAV4 ACA21 ulizoniagiza nimezipata jozi nzima, kioo cha kushoto kina mkwaruzo mdogo kwenye kona ya chini ambao nimekupigia picha. Zitapanda basi Jumatano alfajiri. Namba ya risiti nitakusomea kwa simu nikiisikia sauti yako, na picha yake sitaituma hata kwako.

Wasalimie sana mama na watoto.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.