Wazazi wa Tanga, msiharakishe kuiacha baiskeli

Kwenu wazazi vijana wa Tanga mnaopeleka watoto shule kwa baiskeli kisha mkaelekea kazini, na hasa ninyi mnaosema kwamba mambo yakikaa sawa mtaiacha.

Assalaam alaykum, na amani iwe kwenu nyote.

Nimeandika kwa sababu ya maneno ninayoyasikia barazani. Kijana akipata kazi ya maana, bandarini au kiwandani kule Pongwe, yule yule anayempa hongera humwambia kwamba sasa baiskeli amwachie mdogo wake. Pikipiki ikiwa bado haijapatikana, hutafutwa bodaboda wa kumpeleka mtoto shule kila asubuhi. Mtoto anapakiwa mshikaki na wenzake wawili, mabegi yananing'inia, na dereva ana haraka ya kuwahi abiria mwingine. Mzazi amejitahidi, nami simlaumu. Ila ametoa kitu ambacho hakuna aliyemtajia thamani yake, na hicho ndicho ninachotaka kukisema kabla hamjakitoa ninyi pia.

Mimi nimelea watoto juu ya baiskeli, na sasa ninapeleka mjukuu. Miaka yote ya kazi nilikuwa natoka Makorora, nakatiza Ngamiani, navuka reli kuingia mjini, mtoto akiwa kwenye keria. Wanangu nimewajua njiani kuliko nyumbani. Nyumbani kuna wageni, kuna kazi, kuna redio, na jioni mzazi amechoka na mtoto anasinzia. Juu ya baiskeli mikono yako imeshika usukani na macho yako yapo barabarani, lakini masikio yote ni ya mtoto. Simu ikiita mfukoni, iache iite.

Tena mtoto wa nyuma haoni uso wako. Wanangu, hili ni kubwa. Watoto wetu tunawalea kwa heshima, hawamkazii macho mtu mzima. Ukimsimamisha mbele yako ukamuuliza habari za shule, atakujibu "nzuri" huku anatazama vidole vya miguu yake. Mgongoni mwako anakuwa mtu mwingine. Binti yangu mmoja alama zake zilikuwa zinashuka, mama yake akamuuliza kwa upole na kwa ukali, hakusema kitu. Asubuhi moja tunapita Ngamiani akaniambia mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba huwa ananakili kwa jirani yake kwa sababu ya ubaoni hayaoni. Tukampeleka kupimwa macho, akapewa miwani. Mwingine aliniuliza kwa nini mwezi unatufuata, na kwa nini babu yake alipofariki watu walikula. Swali kama hilo la pili halijibiwi kwa haraka, na baiskeli inakupa nafasi ya kulifikiria mtaa mzima kabla hujafungua kinywa. Bodaboda halijibu swali hilo, wala si kazi yake.

Na mji wetu unafaa kwa chombo hiki kuliko miji mingi niliyoiona. Ni tambarare, mitaa imenyooka, na Ngamiani barabara zina namba, kutoka ya kwanza hadi ya 21. Mjukuu wangu amejifunza kuhesabu humo. Tukienda anahesabu kwa mpangilio wake. Tukirudi namba zinageuka, naye akajikuta anajua kuhesabu kinyumenyume kabla hajafundishwa darasani. Upepo wa kusi anaujua kwa mwili, kwa kuwa unatusukuma tukienda mjini na kutukaba tukirudi. Anajua harufu ya vitumbua inatoka kona gani, nani amefungua duka na nani leo hakufungua. Anasalimia. Ukipiga kengele mzee aliyekaa kibarazani anainua mkono, mtoto anasema shikamoo, marahaba inamfikia kabla hamjapita. Mtoto anayesalimiwa njia nzima anajua ana watu, na siku akipotea sokoni Mgandini watakaomrudisha nyumbani ni hao hao.

Kwa mzazi mwenyewe faida mnazijua: nauli inabaki nyumbani, mwili unaamka, unafika kazini kichwa kikiwa kimepoa. Sitazirefusha.

Kuna jambo la zamani ambalo hunifurahisha kila ninapojaza upepo. Mwaka 1888 daktari wa mifugo aliyeitwa John Boyd Dunlop, akiishi Belfast, alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya tairi la upepo. Alianza kwa kumtengenezea mwanawe, kwa sababu baiskeli ya mtoto ya magurudumu matatu ilikuwa inamrusharusha kwenye njia ya mawe. Tairi tunalolipiga pampu leo, na la magari pia, limetokana na baba aliyemhurumia mtoto wake. Kwa hiyo anayewaambia kwamba baiskeli si chombo cha mzazi, mwelezeni hilo.

Akina mama, nanyi nina neno lenu. Msikubali kuambiwa kwamba hiki ni chombo cha wanaume. Tafuteni zile za mtumba kutoka Japani, zenye bomba lililoshuka chini, hata mwenye baibui anapanda na kushuka bila taabu. Nyingi huja na kikapu mbele, na nyingine zina kiti cha mtoto kabisa. Angalieni kava la cheni lipo na halilegei, na gurudumu la nyuma lifungwe wavu pande zote mbili, maana nguo ikishikwa na spoku mnaanguka wawili.

Wavu huo huo ndio unaookoa miguu ya mtoto. Hapa nawasihi kwa nguvu. Jeraha la kawaida la mtoto anayepakiwa nyuma ni kisigino kuingia kwenye spoku, na linaweza kuchubua hadi mfupani. Usimkalishe mtoto kwenye keria tupu ukamwambia apanue miguu. Atasahau, ni mtoto. Nenda kwa fundi wa kuchomelea akutengenezee kiti chenye egemeo, mkanda, na vikanyagio viwili vya kuwekea miguu, akifunge kwa bolti, asikifunge kwa kamba. Mtoto ambaye hajaweza kukaa peke yake wima bila kuyumba, bado hajafikia kupanda, msubiri. Kofia ngumu za watoto hupatikana kwenye mitumba, nunua hata kama jirani atacheka. Breki zote mbili zishike, ya mbele na ya nyuma, kwa sababu uzito ukiongezeka baiskeli inachelewa kusimama. Nyuma weka kiakisi, na kama mnarudi Magharibi ikikaribia, weka taa.

Siku ya mvua kubwa ya masika usijilazimishe. Panda bajaji na mwanao, mkae pamoja humo.

Mtaniambia barabara si salama, na mna haki. Magari yameongezeka, na wapo madereva wanaompita mwenye mtoto kana kwamba hawajamwona. Lakini sikilizeni ya Uholanzi, nchi ambayo watu hudhani ilizaliwa na njia za baiskeli. Mwaka 1971 watu kama 3,300 walikufa barabarani huko, zaidi ya 400 kati yao watoto. Baada ya vita kuu ya pili ya dunia miji yao ilikuwa imeyapa magari nafasi, na watu wengi wakaziweka baiskeli kando. Waliolibadilisha hilo kwa sehemu kubwa walikuwa wazazi: waliingia barabarani, wakafunga mitaa, wakadai mauaji ya watoto yakome, na hawakunyamaza hadi serikali na mabaraza ya miji yakaanza kuwajengea njia. Sisi Tanga tunayo bahati ambayo wao waliipoteza wakalazimika kuirudisha kwa machozi. Baiskeli zetu bado zipo barabarani. Zikiwa nyingi, dereva anazoea kuzitazamia. Kila anayeiacha anawaachia wenzake barabara ngumu zaidi. Nendeni kwenye mikutano ya mtaa mkaombe kivuko mbele ya shule, tuta pale magari yanapokimbia, na ukingo wa barabara usigeuzwe maegesho. Nendeni na watoto wenu, wajumbe wawaone.

Na watoto wakikua, wafundisheni kuendesha wenyewe mapema, wa kike na wa kiume. Msimshike nyuma huku mnakimbia naye, mtachoka na yeye hatajifunza usawa. Fungua pedeli zote mbili, shusha siti hadi nyayo zote zikanyage chini, mwache ajisukume kwa miguu kwenye uwanja kama Tangamano. Akishaweza kuinua miguu na kwenda bila kuyumba, rudisha pedeli. Wengi huondoka siku hiyo hiyo. Kisha mpande sambamba kwa muda mrefu, yeye akiwa upande wa ndani, mbali na magari, hadi uhakikishe anatazama nyuma kabla ya kukata kona. Mjukuu wangu mkubwa sasa huja na yake, na tunazungumza njia nzima kama zamani, ila sasa anaiona sura yangu na bado anasema.

Ninayo spana, pampu, msasa, viraka na solusheni. Jumamosi baada ya sala ya Alasiri huwa nipo nje ya nyumba yangu, na wa mtaa wote wa Makorora wanaijua. Leteni baiskeli zenye pancha, breki zilizolegea, viti vinavyocheza. Njooni na watoto, tutazitengeneza pamoja, na mafundi wa kuchomelea wazuri nitawaelekeza walipo.

Wassalaam,
Babu yenu wa Makorora