Mkuu, hatujakuuzia feki: habari ya remasta na besi isiyosikika

Jumamosi iliyopita hata chai sijamaliza, jamaa mmoja wa Tabata kaingia dukani kwetu na CD mkononi, sura kama ya mtu aliyefungua boksi la simu akakuta kipande cha sabuni. Ile CD tulimwagizia sisi, ...And Justice for All ya bendi ya Metallica, toleo la remasta la 2018, yaani rekodi ile ile ya zamani iliyoandaliwa upya. Kaisubiri wiki kadhaa, kalipia na gharama ya posta, kafika nayo nyumbani kaitia kwenye sabufa yake kaongeza besi mpaka mwisho, hola. Akaniambia mbele ya wateja wengine, "Mkuu mmenipiga, gitaa la besi halisikiki kabisa afu mmeandika remasta."

Nikacheka. Hapo nilikosea na nimeshamwomba radhi, ila nilicheka kwa sababu siyo wa kwanza, kila baada ya miezi miwili mitatu anakuja mtu na kesi ya aina hii, mara besi haipo, mara sauti inachoma masikio, mara mbona hii mpya imezidiwa na kanda yangu ya mwaka themanini na kitu. Na wapenda muziki wa metali wa Dar tuko wachache tunajuana, neno likitoka Tabata asubuhi jioni liko Kigamboni, kwa hiyo nimesikia mpaka kwamba sisi tunachoma CD nyuma ya duka. Nyuma ya duka kuna choo na ndoo za maji, karibuni mkague.

Tuanze na hiyo besi. Kwenye ile albamu besi ipo, Jason Newsted aliipiga, ndo ilikuwa albamu yake ya kwanza nzima na Metallica baada ya Cliff Burton kufariki kwenye ajali ya basi kule Sweden mwaka 1986. Ila walipokuwa wanamiksi mwaka 1988 ilishushwa mpaka ikabaki kivuli. Watu wameilalamikia miaka thelathini, na 2018 walipoitoa upya wengi walijua safari hii itapandishwa, wenyewe wakaamua kuiacha ilivyo. Sasa mimi wa Kinondoni nifanyeje.

Na hapa ndo wateja wengi wanachanganya miksi na masta. Miksi ni kupika, kila kitu bado kiko peke yake, dramu huku, besi huku, magitaa kule, sauti ya mwimbaji pembeni, mtu anachanganya mpaka anapata ladha anayoitaka. Akimaliza anabaki na mkanda mmoja wenye kulia na kushoto, basi. Masta ni baada ya hapo, sufuria limeshatoka motoni. Anayeremasta anapokea pilau lililoiva, anaweza kulipasha, anaweza kulipakua vizuri kwenye sinia, anaweza kukuwekea kachumbari, lakini karafuu zilizozidi hawezi kuzitoa na nyama ambayo haikutiwa hawezi kuitia. Akisema apandishe besi basi linapanda na dramu la mguu na uzito wote wa chini wa magitaa, vinavimba pamoja, unaishia kusikia godoro linapigwa fimbo.

Ukitaka kilichopikwa upya tafuta kilichoandikwa kwenye kava kwamba kimemiksiwa upya. Bendi ya Megadeth walifanya hivo 2004, kiongozi wao Dave Mustaine alirudi kwenye mikanda ya awali akazimiksi upya albamu zao za zamani, na kwenye Rust in Peace ya 1990 kuna sehemu sauti zilikosekana ikabidi aimbe tena. Wapo wanaoipenda. Mimi naona kama nyumba ya babu iliyowekwa vigae, safi lakini siyo pale nilipolala utotoni.

Afu kuna ile ya mwimbaji Ozzy Osbourne ambayo iliwatoa watu hela mara mbili. Blizzard of Ozz na Diary of a Madman zilitolewa upya 2002 zikiwa zimefutwa besi ya Bob Daisley na dramu za Lee Kerslake, kisa mgogoro wa mirabaha, wakawekwa Robert Trujillo na Mike Bordin wakapiga upya juu ya gitaa lile lile la Randy Rhoads. Trujillo huyu huyu aliyeenda Metallica mwaka 2003. Mpigaji hatari sana, sina neno naye, ila siyo rekodi uliyoikariri. Matoleo ya 2011 yakarudisha wapigaji wa mwanzo. Sasa kuna mteja wangu, sitamtaja anajijua, nilimpa bei ya hilo la 2011 akaniambia nina tamaa, akaagiza mwenyewe kupitia shemeji yake aliyeko nje, nafuu ya kama elfu ishirini hivi. Likaja la 2002. Akaja na bahasha nimsaidie kulirudisha, nilirudishe wapi wakati sikuliuza mimi? Akaagiza tena, safari hii kwetu. Jumla alilipa karibu mara mbili ya ile bei ya tamaa.

Ndo maana ukiniagizia kitu nakusumbua na maswali, toleo la mwaka gani, lebo gani, namba gani pale ubavuni mwa kava. Siyo kwamba najifanya mjuaji.

Haya, wanaolalamika kuchomwa masikio, hao wana haki kabisa na mimi niko upande wao. CD ina dari ya ukubwa wa sauti, ukifika juu hakuna pa kwenda. Rekodi nyingi za miaka ya themanini ziliachiwa nafasi chini ya dari, kwa hiyo ngoma ikipigwa inaruka, kipande cha polepole kinakuwa polepole kweli, halafu magitaa yakiingia unashtuka. Kuanzia miaka ya tisini huko kila lebo, yaani kampuni ya kutoa muziki, ikataka CD yake isikike kubwa kuliko ya jirani, wakaanza kubana, vilivyo chini vinapandishwa, vilivyo juu vinakatwa vichwa. Chukua CD za Iron Maiden zilizotolewa upya 1998 uziweke na zile za miaka ya themanini utasikia mwenyewe zilivyosukumwa. Hapa dukani nafungua faili kwenye kompyuta mteja aone kwa macho, ile ya zamani inaonekana kama milima ya Uluguru, vilele na mabonde, nyingine mpya ni ukuta wa tofali kutoka mwanzo wa wimbo mpaka mwisho. Ukuta haupumui, ndo maana ukisikiliza nyimbo tatu unachoka na hujui umechoshwa na nini, unadhani umezeeka.

Mfano mkubwa wa hii kitu siyo remasta hata, ni Death Magnetic ya Metallica ya 2008. Ilibanwa mpaka inapasuka, na nyimbo hizo hizo zilipowekwa kwenye gemu la Guitar Hero zikawa zinasikika vizuri kuliko CD ya dukani, fikiria, gemu la watoto. Mashabiki kwa maelfu wakasaini waraka wa kutaka irudiwe, na Ted Jensen aliyefanya masta alisema miksi zilimfikia zikiwa zimeshabanwa. Na cha kuchekesha siku hizi Spotify wanasawazisha voliumu, kilichopigwa kelele kinashushwa chenyewe, kwa hiyo waliobana wamebana bure, muziki umeshaumia na ukubwa haupo.

Lakini nisiwadanganye, ukiweka mbili mfululizo bila kugusa kitu utachagua ile yenye kelele. Sikio liko hivo, kikubwa kinaonekana kizuri kwa sekunde ishirini za kwanza. Kwa hiyo hapa kwetu kabla hujalinganisha nazisawazisha kwanza voliumu, napima, siyo kwa kukisia, halafu mdogo wangu anabadilisha we hujui ipi ni ipi. Kuna dada wa Mikocheni alikuja ameshaamua anataka remasta na hataki kusikia lingine, nikamwambia kaa dakika kumi, akachagua CD chakavu ya zamani mara nne kati ya tano. Nikamuuzia hiyo chakavu kwa bei ndogo kuliko aliyokuja nayo. Huyo naye aandike kwamba tunapiga watu.

Na siyo kila remasta ni mbaya, nisieleweke vibaya. Kuna CD za mwanzo mwanzo zilitengenezwa kutoka kwenye nakala ya nakala ya mkanda, nyembamba, hazina tumbo, na kuna watu wamekuja kuutafuta mkanda wa kwanza kabisa wakafanya kazi ya heshima. Ndo maana nasema uliza, sikiliza, usinunue kistika.

Sasa kuna hii njia ya mkato inayoniumiza roho. Watu wanachukua kanda zao za zamani wanapeleka kwa dogo anayeingiza nyimbo kwenye flashi, anawaambia elfu mbili kanda nzima na remasta juu. Remasta yenyewe ni programu ya kwenye simu, anabonyeza kuondoa kelele, anabonyeza kukuza sauti, kamaliza. Kuna mzee wa Magomeni, baharia mstaafu, miaka ya themanini kila bandari aliyoshuka alikuwa ananunua kanda, Judas Priest, Black Sabbath, Motörhead, kabati zima. Mjukuu wake alimpelekea zote huko kwa elfu mbili mbili. Mzee akaja kwetu na flashi, ananiita mwanangu, anasema matoazi yamepotea naomba unirudishie.

Nikasikiliza. Ile programu iliona mvumo wa kanda, ule shhh, na matoazi nayo ni shhh, ikafyeka vyote. Deki aliyotumia yule dogo hedi yake, kile kichwa kinachosoma kanda, imekaa upande, sauti zote za juu zimefifia. Kasi nayo inakimbia kidogo, Rob Halford wa Judas Priest anaimba kama kabanwa na mlango. Na imehifadhiwa mp3 ndogo kabisa ili zienee. Nikamwambia mzee hapa hakuna cha kurudisha, nilichokatiwa sinacho, niletee kanda zenyewe nianze upya. Akanyamaza. Kanda walishazitupa, si zimeshaingia kwenye flashi.

Za Priest na Sabbath ningeweza kumtafutia, zinapatikana. Ila kulikuwa na moja waliyojirekodi melini, yeye na wenzake wanapiga soga huku Paranoid ya Sabbath inalia nyuma, wawili kati yao wameshafariki. Hiyo imebaki kwenye flashi vile vile, wanaongea kama wako ndani ya ndoo. Sikumchaji kitu.

Kwa hiyo ukiniambia elfu kumi na tano tunayochaji kuhamisha kanda moja kwenye faili ni wizi, naomba ujue inakwenda wapi. Kanda ya dakika 90 inachukua dakika 90, haiendi haraka, na mimi nakaa naisikiliza. Kabla ya hapo hedi inasafishwa kwa spiriti na pamba, kigurudumu cha mpira kinasafishwa, nachukua bisibisi napangilia pembe ya hedi kwa kila kanda, ndiyo, kila kanda, maana kila moja ilirekodiwa kwenye mashine yake. Kama ina ukungu, na Dar hii kanda nyingi zina ukungu, inafunguliwa inafutwa kwanza. Umeme ukikatika dakika ya 80 naanza upande wote upya na sikuongezei bei. Unaondoka na faili kubwa lisilobanwa na nakala ndogo ya simu, na kanda yako unarudishiwa mkononi, nakwambia kabisa usiitupe.

Santuri ni elfu ishirini kwa sababu zinaoshwa, na tafadhali msizioshe wenyewe kwa sabuni ya vyombo na maji ya kisima. Maji yetu mengi ya visima yana chumvi, yakikauka chumvi inabaki kwenye mifereji, sindano inapita inakwaruza, umekuja na vumbi umeondoka na sandipepa. Pia kama mashine yako ya santuri haina priampu ndani, kile kikuza sauti cha santuri, usiichomeke moja kwa moja kwenye AUX ya sabufa halafu uje kusema santuri ni mbovu. Santuri huchongwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti za juu zimeongezwa, priampu ndo inarudisha mahali pake, bila hiyo hata gitaa la Tony Iommi wa Black Sabbath linasikika kama nyuki kwenye kopo. Priampu ya kawaida tunazo, siyo bei kubwa kihivyo.

Yule kaka wa Tabata nilimkalisha siku hiyo hiyo. Nikatoa Justice yangu mwenyewe, toleo la 1988, nikasawazisha voliumu, mdogo wangu akabadilisha, akasikiliza wimbo mzima kainamisha kichwa. Mwisho akasema "kumbe hata huku haipo." Nikamwambia haipo mkuu. Kaondoka na CD yake, hajarudishiwa hela na hakudai, ila kaagiza Rust in Peace, na kabla hajalipa nimemsikilizisha ya 1990 na ya 2004 zote mbili. Kachagua ya 2004. Sawa tu, hela ni yake.