Wageni wagawanywe kwa zamu kama maji ya mfereji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalotukera sisi wakazi wa vijiji vya Uru, juu ya mji wa Moshi, ambako watalii huja kutazama maporomoko ya maji na kujifunza namna kahawa inavyotayarishwa. Utalii wa utamaduni si mgeni mkoani Arusha na Kilimanjaro. Ulianza kupangwa katikati ya miaka ya 1990 kwa ushirikiano wa Bodi ya Utalii na shirika la SNV la Uholanzi, kwa nia kwamba fedha za mtalii zifike kijijini. Kufika zinafika, ila kwa nani?

Mwaka jana kampuni moja ililazimika kuwaleta kwangu wageni sita kwa sababu nyumba iliyoizoea, iliyo kando ya barabara, ilikuwa na msiba. Tulitwanga kahawa kavu kwenye kinu, mke wangu akaipepeta kwa ungo, tukaikaanga kwenye chungu mpaka ikaanza kupasuka, tukaitwanga tena na kuichemsha. Kazi hiyo, pamoja na chakula cha mchana cha machalari (ndizi zilizopikwa na nyama), ilichukua saa nne. Nililipwa shilingi 30,000. Mgeni mmoja aliniambia, bila ubaya wowote, kwamba yeye peke yake alikuwa amelipa dola 50. Tangu siku hiyo kampuni hiyo haijarudi kwangu.

Nimesoma habari za Wamaya wa wilaya ya Toledo, kusini mwa Belize, huko Amerika ya Kati. Vijiji vyao vya Wamopan na Waq'eqchi' viliunda chama chao cha utalii na kujenga nyumba za wageni ambazo ni mali ya kijiji. Mgeni hulala humo, lakini chakula hula majumbani mwa watu: asubuhi kwa familia hii, mchana kwa ile, jioni kwa nyingine, huku mikate myembamba ya mahindi ikiokwa mbele yake juu ya moto wa kuni. Mgeni anayefuata hupelekwa kwa familia zinazofuata, na waongoza wageni nao hupokezana. Kilichonivutia zaidi ni kwamba mama asiye na chumba cha ziada wala choo cha kisasa haachwi nje, kwa kuwa anachodaiwa ni chakula safi tu.

Sisemi Wamaya hao hawana shida. Hata ardhi wanayoishi waliipigania kortini kwa miaka mingi, hadi mwaka 2015 Mahakama ya Haki ya Karibiani ilipothibitisha haki zao za kimila. Tena zamu ina lawama zake: huyu atasema amerukwa, yule atasema amepata wageni wawili ilhali jirani alipata kumi. Lakini sisi Wachaga tuna uzoefu wa lawama za namna hiyo. Wazee wetu waligawa maji ya mifereji kihamba kwa kihamba, yaani kila shamba la ukoo kwa zamu yake. Aliyefungulia maji nje ya zamu yake alitozwa faini, na asiyejitokeza kusafisha mfereji alijua kitakachompata.

Kwa hiyo napendekeza serikali za vijiji ziandikishe kaya zinazotaka kupokea wageni, zikague usafi wa majiko yao na kubandika bei kwenye mbao za matangazo. Kampuni zilipie katika ofisi ya mtendaji na kupewa risiti, na hesabu isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Najua kampuni zitadai kwamba mtalii anataka nyumba wanayoiamini. Basi ziwaamini wakaguzi wa kijiji, maana hata hiyo nyumba ya kando ya barabara ilikuwa na siku yake ya kwanza.

Nimeomba suala hili liingizwe katika ajenda ya mkutano ujao wa kijiji chetu. Mwenyekiti amekubali, ila amenitaka nipeleke kwanza majina ya kaya 10 zilizo tayari. Hadi leo asubuhi nimepata saba.

Mkulima wa kahawa,
Uru, Moshi