Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: mishiri yetu ikikataliwa, ikataliwe tukiona

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kwa heshima kuhusu mishiri, yaani maharagwe mabichi yanayoliwa na maganda yake (French beans), tunayoilima kwa unyunyizaji huku Mwea, Kaunti ya Kirinyaga, kwa ajili ya soko la Ulaya. Ombi letu ni kwamba mnunuzi anapokataa mazao ya mkulima, ayakatae mbele yake na aandike sababu.

Zao hili halina subira. Huanza kuchumwa siku 45 hadi 50 baada ya kupandwa, na tangu hapo wachumaji hurudi shambani kila baada ya siku mbili au tatu, kwa kuwa ganda la daraja la juu halipaswi kuzidi unene wa milimita 6, na likicheleweshwa hata siku moja hunenepa, mbegu zikatuna ndani yake na bei ikaanguka. Tunachambua wenyewe kivulini, tukiondoa yaliyopinda na yenye madoa ya kutu, kisha kreti hupimwa kando ya barabara na kuondoka na lori la mnunuzi. Kesho yake tunapigiwa simu kwamba kilo kadhaa zimekataliwa Nairobi. Hatuzioni tena, wala hatuelezwi kama kasoro ilikuwa unene, mnyauko au mabaki ya dawa. Ikiwa zilinyauka juani zikingoja lori lililochelewa, kwa nini hasara iwe ya mkulima?

Tunaelewa kwa nini masharti ni makali. Mwaka 2013, baada ya mabaki ya dimethoeti, dawa ya kuua wadudu, kugunduliwa, Umoja wa Ulaya ulianza kutaka asilimia 10 ya shehena za maharagwe mabichi na njegere za maganda kutoka Kenya zipimwe mpakani. Hatutaki kosa hilo lirudiwe, lakini mkulima asiyeonyeshwa matokeo ya maabara hawezi kujua kwamba alichuma mapema mno baada ya kupuliza dawa, na msimu ujao atarudia yale yale.

Mamlaka ya Kilimo na Chakula, kupitia Kurugenzi ya Mazao ya Bustani, ndiyo inayowapa leseni wauzaji wa nje. Tunaomba leseni hizo ziwe na sharti kwamba madaraja yapangwe katika kituo cha kukusanyia mazao, mkulima au mwakilishi wa kikundi chake akiwapo. Kwamba stakabadhi ionyeshe kilo zilizopokewa, zilizokataliwa na sababu. Na kwamba nakala ya matokeo ya maabara, iwe ya KEPHIS (shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea) au nyingine, imfikie mwenye shamba. Inapobidi uchambuzi wa mwisho ufanyike Nairobi, mishiri iliyokataliwa irudishwe kwetu, angalau tulishe ng'ombe.

Tutashukuru sharti hili likianza kabla ya Oktoba, mahitaji ya Ulaya yanapopanda.

Wako mwaminifu,
Mkulima wa mishiri, Mwea