Brashi ya Umeme si Mbovu, Nywele Zilikuwa na Maji

Mama mmoja wa Ukerewe aliingia saluni kwetu hapa Kirumba, Mwanza, ametoka moja kwa moja melini, brashi ya kunyooshea nywele kaifunga kwenye kanga kama mtoto mchanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimerudisha kitu chenu. Kinatoa moshi."

Sikubishana naye. Niliichomeka, nikasubiri namba zipande hadi 180, nikaipitisha kwenye kipande cha rasta tulichokuwa tumekikata... hapana, nikajizuia, maana rasta nyingi za plastiki zinayeyuka kwenye joto hilo na ningeiua brashi mbele ya mwenyewe. Nikachukua tishu, nikaibana kati ya meno ya brashi. Hakuna moshi. Ndipo nikamuuliza anavyofanya nyumbani. Anaosha, anajifuta kwa taulo, anapaka mafuta ya nazi mpaka zing'ae, kisha anapitisha brashi. Inalia chsss.

"Mama, hapo ulikuwa unachemsha maji na kukaanga mafuta kwa pamoja."

Alicheka mpaka akatafuta kiti.

Brashi nyingi zinazorudishwa kwetu ni za namna hiyo. Kwa hiyo naandika haya kwa wanaozo tayari na kwa wanaofikiria kununua. Tunaziuza, sifichi, lakini kuna watu tunawaambia wazi wasinunue.

Kwanza kazi yake. Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na ndani yake kuna vifungo vidogo vya haidrojeni vinavyosaidia kushikilia umbo. Maji yakiingia au joto likiingia, vifungo hivyo vinaachia. Unywele ukikauka na kupoa, vinafunga tena pale vilipoukuta. Ndiyo maana ukilala na nywele mbichi unaamka zimebonyea upande mmoja. Brashi inalegeza kwa joto, meno yanavuta, unywele unapoa ukiwa umenyooka. Basi. Dawa ya kunyoosha inavunja vifungo vingine, vya salfa, na sehemu iliyopakwa hairudi tena kuwa kipilipili. Ya brashi inarudi siku maji yatakaporudi.

Na Mwanza maji hayako mbali. Upepo wa ziwa, mvua za masika, hata jasho la kupanda kilima cha Bugando kwa miguu saa saba mchana linatosha. Mteja akiniuliza zitakaa siku ngapi, namuuliza kwanza anashinda wapi. Anayekaa ofisini na anayeshinda soko la Mwaloni kwenye dagaa hawawezi kupewa jibu moja.

Sasa yale maji ya yule mama. Unywele uliolowa ukikutana ghafla na nyuzi 180, maji yaliyo ndani yake yanachemka, yanakuwa mvuke, na mvuke unatafuta pa kutokea. Unaacha vipovu ndani ya unywele wenyewe. Penye kipovu ndipo unapokatikia, na hakuna mafuta wala stimingi ya kuziba kipovu. Najua shati la pamba tunalinyunyizia maji ndipo tupige pasi, na wengi wamelitoa wazo huko. Nywele si shati. Brashi ya kawaida inataka nywele kavu kabisa, kavu ya kuzishika kwenye shina na kuhisi hakuna ubaridi. Zipo brashi zilizotengenezwa kukausha na kunyoosha kwa mkupuo mmoja, zinapuliza hewa kama draya. Hizo ni chombo kingine, usizichanganye.

Kama nywele zako ni za asili na zimejikunja sana, brashi haitafanya kazi yote peke yake. Zivutwe kwanza, kwa draya yenye kitana au kwa kuzifunga uzi usiku kucha. Mimi napenda uzi, hauli umeme na hauunguzi. Zikishavutika, gawa kwa vibanio mafungu membamba ambayo meno yanaweza kuyapenya hadi upande wa pili. Puliza kidogo dawa ya kukinga joto, iache ikauke. Chana ncha kwanza kwa kitana cha kawaida, kwa sababu brashi ya moto ikikwama kwenye fundo utavuta, na ukivuta utakata. Kisha ingiza brashi kwa chini ya fungu, karibu na shina lakini isiguse ngozi, vuta taratibu hadi nchani. Mara moja, mara mbili ikizidi. Kama mara mbili hazikutosha, fungu ni nene au joto ni dogo. Kurudia mara saba si dawa. Halafu ziache zipoe kabla hujazibana, la sivyo alama ya kibanio itabaki pale mpaka kesho.

Joto. Nywele nyembamba, zenye dawa au rangi, anzia 150 au chini yake uone. Za kipilipili ngumu, 180 kwa kawaida zinatosha. Kuna brashi zinafika 230 na wauzaji wanaitaja namba hiyo kama sifa; kwangu ni sababu ya kuirudisha kabatini. Ila angalia herufi iliyo kando ya namba, C au F. Dada mmoja alikuja analia kwamba amejichoma kwa nyuzi 350, kumbe brashi yake inahesabu kwa Farenhaiti, na 350 ya Farenhaiti ni kama 177 tu za kwetu, za Selsiasi. Mwingine aliweka 180 kwenye brashi ya namna hiyohiyo, akalalamika hainyooshi. Ingemnyooshea vipi? Hiyo ni nyuzi 82, hata chai haijachemka.

Ukiwa dukani, usianze na rangi wala boksi. Geuza mpini usome volti. Umeme wetu ni volti 230, wa Marekani ni 120. Ukiona 100–240V, chukua. Ukiona 110 au 120 peke yake, iache, hata muuzaji akikupa adapta, kwa sababu adapta ile inabadili miguu ya plagi, umeme unabaki uleule. Nimeiua moja hivyo mwenyewe, zawadi ya binamu yangu. Niliichomeka mteja kaketi nusu kichwa, na harufu ya plastiki ikakaa saluni hadi jioni.

Halafu meno. Kwa nywele nyingi na zilizojikunja, yale mafupi yaliyobanana kwenye brashi pana yanateleza juu juu, mashina yanabaki yalivyo. Tafuta meno marefu yenye nafasi, au brashi yenye umbo la kitana. Pitisha kidole, brashi ikiwa baridi, uhesabu vichwa vya plastiki vinavyokinga ngozi. Kimoja kikikosekana, ndicho kitakachokutafuta kichwani.

Wanaoogopa LUKU nawatuliza. Brashi ya wati 50 inatumia uniti moja kwa saa 20. Pasi ya nguo inaimaliza uniti hiyo ndani ya saa moja hivi.

Cha kuogopa ni umeme kukatika. Unanyoosha, giza linaingia, unaitupa kitandani, unatoka nje kuzungumza na jirani. Umeme ukirudi, brashi inaweza kuwaka nao, juu ya godoro. Ijaribu siku ya kwanza: iwashe, zima kwenye soketi, washa soketi tena. Ikiwaka yenyewe bila kubonyezwa, jiwekee sharti la kuchomoa kila umeme unapokatika. Hata ile inayojizima yenyewe baada ya nusu saa, nusu saa ni ndefu kwa godoro.

Tusiowauzia ni hawa: nywele zinazokatika tayari, kichwa chenye vidonda au mba iliyochubuka, aliyetoka kuweka dawa wiki hiyo, na anayetaka kunyoosha kila asubuhi. Huyo wa mwisho tunamwambia mara moja kwa wiki, akikataa tunamwonyesha mitindo ya kusuka.

Ukitaka kujaribu kabla ya kununua, njoo na nywele zilizooshwa na kukauka, bila mafuta. Tunanyoosha fungu moja la nyuma bure, unaondoka nalo, unatembea nalo mjini, unarudi jioni tulitazame pamoja. Yule mama tulimnyooshea kichwa kizima kwa brashi yake ileile. Alipojitazama kwenye kioo alinyamaza, akazishika nywele zake mbele na nyuma, kisha akaomba ile kanga aliyokuja nayo brashi. Akajifunga nayo kichwa, sawasawa, ncha zote ndani.

"Melini kuna upepo," akasema, na brashi akaiweka kwenye pochi.