Deni limelipwa, mbona bado amelala?

Kwenu wajomba, mashangazi na kaka wakubwa,

Nilikuwepo mlipomkalia kikao kijana wetu. Kazi ilikatika, madeni yakamwandama, mwishowe akawa hatoki chumbani. Mlichanga, mkalipa lote, na kwa hilo mlifanya uungwana. Ila wiki zilipopita bado yuko kitandani, mkamgeuka. Mvivu. Anadeka. Hana shukrani. Mmoja wenu akauliza kwa sauti, mwenyewe akisikia: "Tatizo tumeshaliondoa, sasa anaumwa nini?"

Anaumwa sonona, ugonjwa wa akili unaomnyang'anya mtu furaha na nguvu. Ninyi mlitibu msongo wa mawazo.

Hivi viwili ni jamaa, lakini si kitu kimoja. Mtu akibanwa, mwili humwaga homoni, kotisoli ikiwemo, ili apate nguvu ya kupambana. Tatizo likiisha, homoni hushuka naye hupumua. Tatizo lisipoisha, miezi inakwenda, usingizi unavurugika, mwili unabaki macho hata usiku wa manane. Si kila mtu huugua hapo. Wengine hubeba makubwa wakavuka. Lakini wapo ambao sonona huwaingia kwa mlango huo, na ikishaingia haiondoki kwa sababu tu kilichoileta kimeondoka. Nyumba ikishashika moto, mnahangaika na kiberiti cha nini?

Tena sonona huweza kumpata mtu ambaye hana deni wala msiba. Na aliyewahi kuugua huweza kurudiwa kwa jambo dogo kuliko la kwanza. Kwa hiyo acheni kumhoji kama mahakamani, "Una shida gani wewe?" Pengine hana jibu, na kukosa jibu kunamwongezea aibu.

Dalili mzijue. Huzuni, au kutofurahia chochote, karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi. Usingizi kukatika au kuzidi. Chakula kumshinda. Uchovu. Kujiona hafai. Kushindwa kuamua hata mambo madogo. Kuwaza kifo. Kwa wanaume wengi hujitokeza kama hasira na pombe, na pombe huizidisha.

Hapa niwaseme kidogo, wanangu. Tumelea wavulana tukiwakataza kulia, kisha tunashangaa hawasemi. Waajiri nao humkamua mtu hadi anaishiwa, halafu wanamwitia mzungumzaji wa kumtia moyo, badala ya kumpunguzia kazi. Nimechoka kusikia "jikaze". Aliyefika hapo alishajikaza muda mrefu. Ndiyo maana mlichelewa kugundua.

Mkihofia anawaza kujiua, mwulizeni waziwazi. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Sonona inatibika, kwa mazungumzo na mtaalamu, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Dawa huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, kwa hiyo msimkatishe tamaa siku ya nne. Wala asiziache ghafla akijisikia nafuu. Amwone daktari kwanza.

Kikao kingine msiitishe. Aende mmoja tu, yule ambaye hakumtolea maneno siku ile, akae naye, amsindikize kliniki, na asiitaje kabisa ile pesa.

Ni mimi, bibi yenu.