Barua ya wazi kwa vijana wa korosho: mkutano wa chama mnamwachia nani?

Wajukuu zangu wa Newala na Tandahimba,

Salaam. Mkutano mkuu wa chama chetu cha msingi cha ushirika umekwisha, na nimeshindwa kunyamaza. Chini ya mwembe tulikuwa wazee, kina mama wachache, na katibu anasoma makisio mbiombio kama anawahi basi. Ng'ambo ya barabara, kijiweni kwa bodaboda, ninyi mmejaa tele mnakagua mikeka yenu ya kubeti. Nilimwita mmoja, akanijibu kwa adabu: "Babu, hizo siasa. Mimi natafuta hela."

Hela yako ndiyo iliyokuwa inajadiliwa pale. Tulipitisha makato ya kila kilo: ushuru wa chama, usafirishaji, ghala, magunia. Tulipitisha na ukomo wa madeni, yaani kiasi ambacho chama kitakopa na wewe ukikatwa kulipa. Aliyeuliza swali ni bibi mmoja tu: mbona gharama ya magunia imepanda, na ya mwaka jana yalibaki? Akaambiwa itafafanuliwa. Wanaokubali wanyooshe mikono. Mikono ikanyooshwa, tukala pilau.

Mnadhani wanunuzi nao hawapendi vikao? Kampuni inakuja mnadani inajua bei ya Vietnam na India, inajua meli inaingia lini bandarini Mtwara, na inajua kwamba Januari ada ya shule inakusubiri. Wewe unajua nini kuihusu? Sehemu kubwa ya korosho yetu bado inaondoka ghafi, inabanguliwa kwa watu, na faida ya kubangua inabaki huko huko. Viwanda tulijengewa miaka ya 1970. Vingi viliishia kuwa maghala. Wala kampuni haihitaji kuwa na roho mbaya. Inatosha wao kuwa wachache wanaojuana, na sisi kuwa maelfu tusiojuana. Halafu anapita mtu wa kangomba, mnunuzi wa magendo, mwezi wa nane, anakupa hela ya unga, Oktoba unampimia kwa bakuli lake. Hapo hata mnadani hufiki.

Najua kwa nini wengi mmekata tamaa. Mei 2013 mlikuwa wadogo, lakini mmesimuliwa: watu wa Mtwara kupinga gesi ya Mnazi Bay kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba, wanajeshi mitaani, nyumba kuchomwa, watu kufa. Bomba likajengwa, 2015 likazinduliwa. Tangu hapo nasikia "kusema hakusaidii". Mimi naona vingine. Hasira ilikuwepo, na hoja ilikuwepo. Kilichokosekana ni chombo chenye wanachama, chenye vikao, ambacho kesho yake kingesimama mezani na kudai, bila mtoto wa mtu kwenda kufa barabarani. Hasira bila chombo inaishia kwenye moto, na moto huo unaunguza vya kwetu wenyewe.

Mwaka 2018 nao mnausimulia vibaya. Kila mtu anakumbuka malori ya jeshi yaliyobeba korosho na shilingi 3,300 kwa kilo alizotangaza Rais Magufuli. Kilichotangulia mmekisahau: wakulima, na wa huku kwetu wakiwemo, walikataa bei ya wanunuzi mnadani. Walikataa pamoja, korosho zikabaki ghalani, na ndipo nchi nzima ikageuka kutazama kusini. Serikali iliponunua, uamuzi ukatutoka mikononi. Ukaja uhakiki wa wakulima, malipo yakachelewa, sisi tukabaki kungoja. Mwaka huo huo, mwezi Juni, Bunge lilikuwa limeshabadili sheria, na ile asilimia 65 ya ushuru wa kusafirisha korosho nje, iliyokuwa ikirudi kwenye zao, ikaenda mfuko mkuu. Kwa hiyo msinielewe kwamba nawaambia mkimbilie serikali. Serikali ya TANU, chama kilichotangaza Azimio la Arusha la ujamaa mwaka 1967, ndiyo iliyofuta vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976. (Mjukuu wangu mmoja aliyesoma Dar ananiita msoshalisti wa zamani. Uzamani naukubali.)

Viongozi wa vyama wapo wezi, sikatai. Lakini mwizi wa chama anaombea nini usiku kama si ninyi kubaki kijiweni? Ingieni uanachama. Njooni ishirini kwa pamoja, si mmoja mmoja, mkae mbele. Ombeni taarifa ya ukaguzi isomwe yote, na makato yabandikwe ukutani kwa tarakimu. Wekeni akiba yenu ndogo ya miezi ya njaa, ili mwenzenu asiuze kwa kangomba kwa sababu ya debe la mahindi. Mkishazoea hayo, tutazungumza habari ya kubangua wenyewe.

Najua mtasema kiingilio na hisa ni hela. Wawili wa kwanza kufika kwangu nitawakopesha, mtalipa msimu. Wa tatu akamwombe baba yake.

Babu yenu,
Kitangari, Newala